Chura Wetu Nyuma ya Ukuta wa Jirani

Wandugu, mvua zikianza hapa Lubumbashi, usiku unakuwa wa chura. Kwetu Katuba nililala nikiwasikia wakikoroma kwenye mfereji kama mzee aliyeshiba bukari. Mmoja wa wakoromaji hao wataalamu wanamuita Sclerophrys gutturalis. Huku kwetu Katanga ni mwenyeji, alikuwepo kabla mji huu haujaanzishwa mwaka 1910. Kumbe kwingine ni mvamizi!

Mwaka 1922 alitolewa Afrika Kusini akapelekwa Mauritius, eti ale wadudu wa miwa. Mwaka 1927 akafikishwa Réunion. Mpaka leo yuko visiwa vyote viwili. Jike mmoja anataga mayai zaidi ya 10,000, utamrudishaje?

Ila kisa kinachonigusa ni cha Cape Town. Chura huyu kwao ni Durban, mashariki ya Afrika Kusini. Cape Town ni mgeni. Alionekana huko karibu na mwaka 2000, mtaa wa Constantia, mtaa wa mabustani makubwa na vidimbwi. Hofu ikawa kwamba atamsonga chura-chui wa huko, ambaye tayari yuko hatarini kutoweka. Mwaka 2010 serikali ya mji ikaanzisha kazi ya kukusanya chura, viluwiluwi na mayai yao.

Shida ikawa ukuta. Vidimbwi vingi viko ndani ya viwanja vya watu, na si kila mwenye nyumba alikubali kufungua. Watafiti walipopiga hesabu wakaona kwamba vidimbwi vilivyofungwa vinaweza kudhoofisha kazi hiyo ya kuwaondoa. Serikali ina watu na vifaa, lakini ufunguo wa lango anao raia.

Niliposoma hayo nikakumbuka salongo yetu moja. Tulizibua mfereji wa avenii nzima, tukaacha kipande kilichopita ndani ya uwanja mmoja uliofungwa. Mvua ya kwanza, maji yakarudi ndani ya nyumba zetu. Tukamlaani mwenye uwanja juma zima. Baadaye mama akaniuliza, "Nani kati yenu alimbishia hodi?" Nikanyamaza. Hakuna aliyebisha, hata mimi mwenye diploma.

Wandugu, tunapenda kuandika kwamba serikali haifanyi kitu, na mara nyingi ni kweli. Lakini kati ya ofisi ya komini na lango la jirani kuna njia, na mtu wa kuipita anaweza kuwa mimi na wewe. Mvua hazijaanza bado. Twende tubishe hodi.