Kabla Hujanunua Ile Discovery, Uliza Habari za Pijo

Kila wiki kuna msee ananitumia picha ya Land Rover Discovery 3. Nyeusi, viti 7 vya ngozi, vioo juu ya paa, na bei inakaribia ile ya Fielder iliyotumika. Swali huwa lile lile: bro, nichukue? Wengine wako tayari kukopa kwenye chama. Mmoja alikuwa anangoja tu mzee wake auze mahindi. Kabla sijajibu, wacha nikurudishe nyuma, kwa sababu hii stori ya gari kubwa la familia ishapita hapa kwetu, na gari lenyewe lilikuwa Pijo.

Ni Peugeot kwenye logbuku. Mdomoni ni Pijo.

Hii ardhi ya Lumakanda tunayokanyaga ilikuwa mashamba ya walowezi. Miaka ya 60, karibu na uhuru, serikali ilianza kuyanunua na kuyakata kuwa skimu za makazi, na familia zikahamia hapa Lugari, nyingi zikitoka Maragoli ambako ardhi ilikuwa imebana. Watu wakalima mahindi, wakajenga shule, na shule zikaleta watu wa mshahara: walimu wakuu, maafisa wa kilimo, matabibu. Sasa mtu wa mshahara mwenye watoto 6 anabebaje familia kwenda kwa shemeji Disemba? Benz ilikuwa ya mawaziri na matajiri, hadi tabaka zima likapewa jina, Wabenzi. Mwalimu mkuu yeye aliota Pijo 504.

Na usidhani 504 ilikuwa gari la kujishikilia tu. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na ikatajwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969. Ile ya stesheni wagon ilirefushwa, na ya familia ikawekwa safu tatu za viti, watu 7, wote wakiangalia mbele. Springi zake zilikuwa laini ajabu. Kwenye murram ambayo pikapu ingekurusha kichwa hadi kwa paa, Pijo ilikuwa inaelea.

Halafu kulikuwa na Safari Rally, na hapa wazee wakianza hawanyamazi, kwa hivyo nifupishe. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Nick Nowicki ndiye aliyeshinda ya 1963 na ya 1968, na miaka yote miwili ni magari 7 pekee yaliyofika mwisho. Saba! Kisha 504 ikashinda 1975 na Ove Andersson, na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Sawa, hiyo ya 1978 ilikuwa kupe ya V6, haikuwa na uhusiano wowote na gari la mwalimu mkuu, lakini nani kijijini angejali? Ni Pijo imeshinda.

Lakini rally haikubadilishii bushi. Nimewauliza wazee kadhaa ni nini hasa kilifanya hayo magari yadumu, na wote huanza na sifa za chuma cha zamani. Mimi naona hiyo ni nusu ya stori. Nusu nyingine iko Mombasa na kwenye steji.

Mombasa, kwa sababu Pijo ziliunganishwa humu humu nchini, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na kampuni ya Marshalls ikaziuza kwa miaka mingi. Gari likiunganishwa nchini, spea zake zinazoea njia. Zinashuka hadi Eldoret, na kutoka Eldoret hadi Turbo ni safari ya mtu na mfuko wa karatasi mkononi.

Steji ndiyo muhimu zaidi. Pijo za stesheni wagon ndizo zilizokuwa teksi za masafa marefu, Nairobi kwenda Nakuru, Eldoret, Kisumu, abiria 7 na mizigo juu. Teksi ya aina hiyo haiwezi kulala gereji siku tatu, mwenyewe atakosa pesa. Kwa hivyo kila mji wenye steji ulikuwa na fundi aliyejua Pijo kama anavyojua jina la mama yake. Fundi huyo alilipwa na matatu siku sita, na siku ya saba mwalimu mkuu akaja na gari lake akahudumiwa kwa bei ya kawaida. Unaona hiyo hesabu? Raha ya familia ya mwalimu ilikuwa inalipiwa na abiria wa Kisumu. Benz ya enzi hizo, ile W123, ilikuwa imara vile vile, pengine zaidi. Ila haikuwa kwenye steji, kwa hivyo ukitoka miji mikubwa fundi wake ulimtafuta na tochi.

Kisha ikaja miaka ya 90. Mwaka 1993 serikali ililegeza leseni za uagizaji na udhibiti wa pesa za kigeni, na magari yaliyotumika kutoka Japani yakamwagika bandarini. Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko mahali pake, bei ni nafuu. Steji zikahamia Nissan na Hiace. Fundi naye ana watoto wa kulisha, akahama nazo. Pijo zilibaki zile zile, chuma kile kile, lakini ghafla bushi ya nyuma ikawa ni ya kuagiza, na fundi aliyebaki ana miaka 60 na macho yamefifia. Pikapu za 504 ndizo zilizong'ang'ana kubeba maziwa na ng'ombe. Peugeot zilirudi kuunganishwa Thika mwaka 2017, lakini hizo ni gari mpya za watu wa ofisi, ni stori nyingine kabisa.

Sasa turudi kwa Discovery yako.

Ilitengenezwa 2004 hadi 2009. Sheria yetu hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka 8, maana yake hakuna Discovery 3 inayoshuka bandarini leo. Kila unayoiona kwenye tangazo ishapita mikono ya Wakenya, labda mitatu, minne. Na ile injini ya dizeli ya lita 2.7 V6, unajua ilitoka wapi? Ford waliiunda pamoja na kampuni mama ya Peugeot. Ni Pijo ndani ya suti, ila hii haijawahi kukaa steji hata siku moja.

Injini hiyo inajulikana kwa kuvunja krankishafti, hasa kama oili ilikuwa inacheleweshwa. Mkanda wa taimingi una umri wake, na kuna mwingine mdogo nyuma wa kuendesha pampu ya dizeli ambao wengi husahau. Turbo ikileta shida, mafundi wengi huinua bodi nzima kutoka kwenye chesisi ndiyo wafikie. Bodi nzima, hapa kwetu, kwa mvua ya Aprili. Springi nyingi unazoona kwenye matangazo ni mifuko ya hewa yenye kompresa na sensa, na bila mashine ya kompyuta fundi anakisia tu, na kila kisio ni pesa yako.

Kwa hivyo ndiyo, unaweza kuinunua. Lakini bei ya kununua iko chini kwa sababu gharama ya kuitunza imeshaingia ndani yake. Mimi ningetenga kando pesa nyingine karibu nusu ya bei kabla ya kutoa hata shilingi, na kama hiyo nusu inatoka kwa mahindi ya mzee, wachana nayo. Tafuta Fielder, watoto watabanana nyuma na watafika.

Ukiwa bado unaitaka, angalia jina kwenye rekodi za NTSA, kama benki bado imo. Dai risiti za oili, siyo maneno. Kisha muombe mwenye gari uje jioni ulione limeegeshwa, na urudi kesho saa kumi na mbili asubuhi kabla hajaliwasha. Ukikuta limelala upande mmoja kama ng'ombe aliyeugua, mpe funguo zake na umshukuru kwa chai.