Nani Mwenye Haki ya Kushtaki? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mashauri ya Maslahi ya Umma Tanzania, 1995–2020

Utangulizi

Makao makuu ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) yapo Kijitonyama, wilayani Kinondoni, katika jengo lililopewa jina la Jaji Kahwa Lugakingira. Insha hii inajenga hoja kwamba historia ya Kituo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1995, ni historia ya swali moja la kisheria: ni nani mwenye haki ya kuishtaki dola kwa niaba ya umma?

Chimbuko

Oktoba 1994, katika Mahakama Kuu Dodoma, Jaji Lugakingira alitoa hukumu ya shauri la Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hukumu hiyo hukumbukwa zaidi kwa kuruhusu mgombea binafsi. Kwa mada yetu, uzito wake umo katika tafsiri ya Ibara ya 26(2) ya Katiba: mtu yeyote aweza kwenda mahakamani kuilinda Katiba, hata kama madhara hayakumgusa yeye binafsi. Mwaka huohuo Bunge lilibadili Katiba na kumzuia mgombea binafsi, lakini Ibara ya 26(2) haikuguswa. Juu ya msingi huo Kituo kilijenga kazi yake.

Matumizi ya Haki

Kituo, kilichoongozwa kwa zaidi ya miongo miwili na Dk. Helen Kijo-Bisimba, kilifanya kazi mbili kwa pamoja: kuwapa wananchi wasio na uwezo msaada wa kisheria katika migogoro ya ardhi, ndoa, mirathi na ajira, na kufungua mashauri ya kikatiba.

Kazi hizo mbili zilikutana katika mgogoro wa Nyamuma, Serengeti, ambako wanavijiji waliondolewa kwa nguvu mwaka 2001. Kituo kilipeleka malalamiko ya wanavijiji 135 mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume ilipendekeza walipwe fidia. Serikali ilikataa, na mvutano ukafika hadi Mahakama ya Rufani.

Mwaka 2006, Kituo pamoja na mashirika ya LEAT na NOLA kilishinda shauri la takrima. Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya Sheria ya Uchaguzi vilivyomruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura vilikiuka Katiba. Baada ya Mahakama ya Rufani kufunga mlango wa mgombea binafsi mwaka 2010, Kituo na Chama cha Wanasheria Tanganyika walikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika.

Kubanwa kwa Haki

Mwaka huohuo Kituo na Chama cha Wanasheria walimshtaki Waziri Mkuu Mizengo Pinda kwa kauli yake bungeni kuhusu polisi kuwapiga raia. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilitupa shauri hilo, na miongoni mwa hoja zilizoliangusha ni haki ya walalamikaji kushtaki. Oktoba 2015 polisi walivamia kituo cha waangalizi wa uchaguzi kilichohusiana na LHRC, wakachukua kompyuta. Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika. Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi: mlalamikaji sasa alitakiwa kueleza kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi.

Hitimisho

Orodha ya kesi zilizoshinda na zilizoshindwa haitoshi kupima historia hii. Chini ya tafsiri ya 1994, taasisi ilibeba shauri ili mnyonge asilazimike kusimama peke yake mbele ya dola. Marekebisho ya 2020 yaliuhamishia mzigo huo kwa mwathirika mwenyewe: mvuvi, mpangaji au mjane aliyekuja kuomba ushauri ndiye aliyepaswa kuapa na kuandikwa jina. Mabadiliko hayo hayakumnyima wakili kazi. Yalimwondolea mteja kivuli. Kwa hiyo mtafiti wa mashauri ya maslahi ya umma aanzie kwenye dawati la msaada wa kisheria, kwani huko ndiko inakoamuliwa ni nani atakayethubutu kushtaki.