Historia ya Maua ya Hariri

Katika enzi ya Edo (1603–1868), wanawake wa Japani walianza kuinua nywele. Zilizokuwa zikiachwa mgongoni zilifungwa mafundo makubwa, zikachomekwa vitana na pini. Vichwa hivyo ndivyo vilivyowapa riziki mafundi wa tsumami zaiku, kazi ya kukunja hariri kuwa maua ya kupamba pini hizo.

Hariri nyepesi hukatwa miraba midogo. Fundi hushika mraba kwa kibano, akaukunja pembe kwa pembe, kisha akaukunja tena. Mkunjo wa tatu ndio wenye kuamua: akizirudisha ncha nyuma, hupata petali ya duara, akikunja tena katikati, hupata petali iliyochongoka. Karibu kila ua hutokana na aina hizo mbili za petali. Petali hulazwa juu ya ubao uliopakwa gundi ya wanga wa mchele, inywe gundi taratibu, ndipo ipangwe kwenye kitako cha ua, bila sindano wala uzi. Kwangu mimi, hapo penye kungoja ndipo ustadi ulipo.

Mwaka 1868 mji wa Edo ukawa Tokyo, na mitindo ya Magharibi ikaingia. Mwaka 1885 kiliundwa chama cha kuwahimiza wanawake waache mafundo ya zamani, wafunge nywele kwa njia nyepesi. Soko likapungua. Kisha moto wa tetemeko la Septemba 1923 na mabomu ya Machi 1945 vikateketeza mitaa ya mafundi.

Waliobaki waliwategemea mabibi harusi, wasichana wa miaka mitatu na saba wanaopambwa kwa sherehe ya Novemba 15, na zaidi ya wote maiko wa Kyoto, wanagenzi wa ngoma na muziki. Maiko hubadilisha maua kila mwezi: Aprili maua ya mcheri, Mei wisteria, Novemba majani yaliyogeuka mekundu. Desemba pini yake hubeba vibao viwili vitupu, naye huenda kwa waigizaji anaowapenda wa kabuki, maigizo ya jadi ya Japani, wamwandikie majina yao. Desturi hii naipenda kuliko zote.

Mwaka 1982 Tokyo iliitambua rasmi kazi hii kuwa ufundi wake wa jadi. Leo wengi hukunja hata pamba kwa gundi ya dukani, na nafurahi wanavyoongezeka. Lakini pini za maiko bado zinataka fundi aliyekaa miaka mingi mbele ya ubao wa gundi, na vijana wa kumrithi ndio wanaotafutwa.