Bahari Iliyopanga Misimu ya Newala na Masasi

Historia ya Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, huandikwa kwa kuwataja wamisionari waliofika Masasi mwaka 1876, watawala wa Kijerumani na bei ya korosho. Bahari ya Hindi haitajwi, ilhali ndiyo iliyopanga misimu ya huko. Mkondo wa Ikweta wa Kusini huvuka bahari hiyo kutoka mashariki, na unapolifikia bara karibu na Rasi ya Delgado, kusini mwa mdomo wa Mto Ruvuma, hugawanyika: tawi moja hupanda kuelekea Zanzibar na Mombasa, jingine huingia Mlango wa Msumbiji. Maji yake ni ya vuguvugu, na hewa inayopita juu yake hujaa unyevu. Kinyume chake, Lima, mji wa Peru ulio karibu katika latitudo ileile, umepakana na mkondo baridi wa Humboldt, nao uko jangwani.

Lakini maji ya vuguvugu peke yake hayaleti mvua mwaka mzima. Pepo nazo zina zamu. Wakati wa kaskazi ukanda wa mvua hushuka kusini, na Newala hunyeshewa kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kusi ikishika, ukanda huo huhamia kaskazini na kiangazi huanza. Ndicho kipindi ambacho mikorosho, iliyoletwa na Wareno kutoka Brazili, huchanua. Mvua ikinyesha wakati huo huharibu maua. Mti huo ulipata nyumbani penye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba ardhi na watu ndio walioamua zaidi. Wana hoja. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, alieleza uhaba wa maji juu ya uwanda wa Makonde, na sababu si ukame: mchanga hunywa mvua, na chemchemi hutokea chini mabondeni. Tena korosho za Tanzania zilishuka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 msimu wa 1986/87, wakati mkondo ukiendelea kama kawaida. Wakulima walihamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ikavunja moyo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Hata hivyo, ugonjwa huo hustawi kwenye unyevu na ubaridi wa asubuhi za kusi. Bahari huweka mipaka. Binadamu hufaidi au huharibu ndani ya mipaka hiyo. Anayepanga kilimo cha Newala bila kuisoma bahari anapanga nusu.