Longbridge: Ndege zilizotoka kiwandani vipande vipande

Kiwanda cha Longbridge, kusini-magharibi mwa jiji la Birmingham nchini Uingereza, kinakumbukwa na wengi kwa magari ya Austin na Mini. Jambo lililosahaulika ni kwamba wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kiwanda hicho kiliunda pia ndege kubwa za kivita ambazo hazikuweza kuruka kutoka hapo.

Ndege hizo zilitolewa vipande vipande, zikasafirishwa kwa barabara hadi uwanja wa Elmdon, upande wa pili wa jiji, na huko ndiko zilikounganishwa na kurushwa kwa mara ya kwanza.

Tatizo lililowakabili mafundi wa Longbridge halijaondoka. Kila anayeunda ndege ya abiria leo hulazimika kuamua jinsi ya kubeba bawa lenye urefu wa makumi ya mita kutoka linapotengenezwa hadi linapofungwa. Jibu lililojulikana zaidi katika zama hizi ni ndege za mizigo zenye matumbo makubwa kupita kiasi: Guppy, Beluga na Dreamlifter.

Chombo na maji

Mafundi wa majahazi wa Lamu na Nungwi wanalielewa jambo hili tangu enzi za mababu. Chombo huundwa ufukweni, karibu na maji, kwa kuwa kikishakamilika hakibebeki. Hakuna fundi anayeunda jahazi bara, kisha akaanza kutafuta watu wa kulifikisha pwani.

Ndege nayo ina maji yake, nayo ni njia ya kurukia. Kiwanda kilicho mbali na njia hiyo kinaweza kuwa na mafundi hodari na mitambo bora, lakini kazi yake haikamiliki mpaka mzigo upate pa kupita.

Magari yapisha ndege

Herbert Austin alianzisha kampuni yake ya magari Longbridge mwaka 1905. Katika Vita Vikuu vya Kwanza kiwanda kiliunda mamia ya ndege, zikiwemo za aina ya R.E.8 na S.E.5a. Zilikuwa ndege ndogo za mbao na kitambaa, na kuzisafirisha halikuwa jambo gumu.

Mwaka 1936, hofu ya vita vipya ilipozidi, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa viwanda vilivyoitwa "viwanda vivuli". Vilijengwa kwa fedha za serikali, vikaendeshwa na makampuni ya magari, ili utengenezaji wa ndege na injini uweze kuongezwa upesi. Austin mwenyewe aliongoza kamati ya makampuni yaliyotengeneza injini za ndege chini ya mpango huo. Kiwanda kivuli cha Longbridge kilijengwa jirani, mahali paitwapo Cofton Hackett.

Ndege ya kwanza kutoka hapo ilikuwa Fairey Battle, yenye injini moja. Zaidi ya 1,000 ziliundwa na Austin. Baadaye zilifuata ndege 300 za Hurricane. Uwanja mdogo uliokuwa kando ya kiwanda ulizitosha ndege hizo.

Battle haikudumu sana katika vita vya Ulaya. Ilikuwa nzito na ya polepole, na nyingi zilitunguliwa nchini Ufaransa mwezi Mei 1940. Hata hivyo ndege za aina hiyo zilifika Afrika Mashariki: kikosi cha 11 cha Jeshi la Anga la Afrika Kusini kilizitumia kutoka Kenya, mwaka 1940, kuwashambulia Waitaliano waliokuwa wakiitawala Ethiopia.

Uwanja wawa mdogo

Mambo yalibadilika Longbridge ilipoagizwa kuunda ndege za injini nne za kudondosha mabomu, kwanza Stirling, kisha Lancaster. Stirling ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 26, na upana wa mabawa wa mita 30. Mabawa ya Lancaster yalifika mita 31. Kila moja, ikiwa imejaa mafuta na mabomu, ilipita uzito wa tani 30.

Ndege za namna hiyo hazikuweza kutumia uwanja wa Longbridge. Palihitajika njia ndefu zaidi ya kurukia, nayo ilipatikana Elmdon, uwanja wa ndege wa jiji uliofunguliwa mwaka 1939, yapata kilomita 20 kutoka kiwandani.

Waliozibuni ndege hizo walikuwa wamekwisha kuliwazia suala la usafirishaji. Masharti ya serikali yaliyozaa Stirling yalitaka iweze kugawanywa katika sehemu zitakazopakiwa katika makasha na kusafirishwa kwa treni. Lancaster nayo ilibuniwa kwa mafungu: pua, sehemu ya kati pamoja na mzizi wa mabawa, ncha za mabawa, na mkia. Kila fungu liliundwa peke yake, kisha yote yakakutanishwa mwishoni.

Utaratibu huo una gharama ambayo mtazamaji haioni. Vipande vilivyotengenezwa mbali mbali ni lazima vikutane bila kupishana hata kidogo. Tundu la bolti lililochimbwa Longbridge lisipolingana na mwenzake Elmdon, kazi yote husimama. Kwa hiyo kila kipande kiliundwa ndani ya fremu madhubuti ya chuma iliyokishika katika vipimo vile vile, ndege baada ya ndege. Usafirishaji kwa vipande ulidai usahihi kuliko ujenzi wa mahali pamoja.

Hadi vita vilipokwisha mwaka 1945, Longbridge ilikuwa imetoa Stirling zaidi ya 600 na Lancaster zipatazo 330. Iliunda pia sehemu za Horsa, ndege ya mbao isiyo na injini iliyobeba askari.

Makasha ya Takoradi

Mfano mkubwa zaidi wa kusafirisha ndege kwa vipande katika miaka hiyo ulikuwa barani Afrika. Kuanzia Septemba 1940, ndege za Uingereza zilipelekwa kwa meli, zikiwa ndani ya makasha, hadi bandari ya Takoradi katika Ghana ya leo. Huko ziliunganishwa, kisha zikarushwa kupitia Nigeria na Sudan hadi Misri. Maelfu ya ndege yalipita njia hiyo kwa sababu Bahari ya Mediterania ilikuwa ya hatari.

Meli, treni na lori zilitosha kwa vita hivyo. Hazikutosha kwa mashine zilizofuata.

Tumbo la Guppy

Mapema katika miaka ya 1960, shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilikuwa na sehemu za roketi zisizoweza kupita chini ya madaraja wala ndani ya mahandaki ya reli. Kuzipeleka kwa meli kupitia Mfereji wa Panama kulichukua muda mrefu.

Rubani Jack Conroy alichukua ndege ya zamani ya abiria ya Boeing Stratocruiser, akairefusha, na kuijengea paa kubwa lililovimba juu ya mwili. Iliruka tarehe 19 Septemba 1962, nayo ikaitwa Guppy mjamzito, kwa jina la samaki mdogo mwenye tumbo nene. Super Guppy, kubwa zaidi, iliruka mwaka 1965.

Airbus, ushirika wa makampuni ya Ulaya, ulikuwa na tatizo la Longbridge lililotandazwa juu ya bara zima. Mabawa yalitengenezwa Uingereza, sehemu za mwili Ujerumani na Ufaransa, mkia Hispania, na ndege kuunganishwa Toulouse, kusini mwa Ufaransa. Airbus ilitumia Super Guppy nne kwa kazi hiyo. Wenye mzaha wakasema kila Airbus huzaliwa juu ya mabawa ya Boeing.

Beluga na Broughton

Mrithi wa Guppy alikuwa Beluga, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 13 Septemba 1994. Imepewa jina la nyangumi mweupe mwenye paji lililotokeza. Ilijengwa juu ya msingi wa Airbus A300-600, na iliweza kubeba tani 47. Ziliundwa tano.

Siri ya Beluga iko katika chumba cha rubani, kilichoshushwa chini ya sakafu ya mizigo. Pua ya Guppy ilifunguliwa kando pamoja na chumba cha rubani, na nyaya za kuongozea ndege zikabidi kukatwa na kuunganishwa upya kila safari. Mlango wa Beluga hufunguka juu ya vichwa vya marubani, na vyombo vyao haviguswi.

BelugaXL, iliyotokana na A330, iliruka mwezi Julai 2018 na kuanza kazi Januari 2020. Beluga ya awali ilibeba bawa moja la ndege ya A350 kwa safari. XL hubeba mawili.

Hata hivyo, tumbo lina kikomo. Bawa la A380 halikuenea ndani ya Beluga. Lilishushwa kwa tishari katika Mto Dee, likapakiwa melini, likapanda Mto Garonne kwa tishari jingine, na hatimaye likaingia Toulouse kwa msafara wa malori. Utengenezaji wa A380 ulikoma mwaka 2021.

Mabawa hayo yote hutoka Broughton, kaskazini mwa Wales. Broughton nayo ilianza kama kiwanda kivuli cha miaka ile ile ya Longbridge. Wakati wa vita iliunda ndege 5,540 za Wellington na Lancaster 235. Tofauti ni kwamba Broughton ilijengwa kando ya uwanja wa ndege wa Hawarden. Wellington ilitoka mlangoni ikaruka, na miongo kadhaa baadaye Beluga ikatua pale pale kuchukua mabawa.

Mabawa yanayofika Afrika Mashariki

Msafiri wa Entebbe anayepanda Airbus A330-800 ya Uganda Airlines hukaa juu ya kazi ya mafundi wa Broughton. Mabawa ya aina hiyo hujengwa Wales, hufungiwa vifaa Bremen, Ujerumani, kisha hupelekwa Toulouse.

Boeing 787 za Kenya Airways, iliyoipokea ya kwanza mwaka 2014, na za Air Tanzania, iliyoipokea ya kwanza mwaka 2018, zina mabawa yaliyotengenezwa Nagoya, Japani. Yalivuka Pasifiki ndani ya Dreamlifter, Boeing 747 iliyopanuliwa mwili, ambayo mkia wake mzima hufunguka kando kama mlango. Dreamlifter ya kwanza iliruka mwezi Septemba 2006. Ziko nne.

Kiwanda chabebwa

Baada ya vita Longbridge ilirudi kwenye magari. Uwanja wake wa ndege ulimezwa na majengo ya kiwanda. Mini ilizaliwa hapo mwaka 1959, na magari ya Austin yakajulikana katika barabara za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Mwezi Aprili 2005 kampuni ya MG Rover ilifilisika, na wafanyakazi wapatao 6,000 wakapoteza kazi. Kampuni ya Nanjing ya China ilinunua mali yake, na mitambo ikang'olewa, ikapakiwa na kupelekwa China. Kiwanda kilichokuwa kikituma vipande Elmdon kikasafirishwa chenyewe kwa vipande. Kati ya mwaka 2011 na 2016 magari ya MG yalifika kutoka China yakiwa karibu kukamilika, yakamaliziwa Longbridge. Kisha kazi hiyo nayo ikakoma. Leo sehemu kubwa ya eneo hilo ni nyumba, maduka na chuo.

Njia ya kurukia si sababu pekee ya Broughton kudumu na Longbridge kuanguka. Madeni, siasa na maamuzi ya wakurugenzi yalichangia. Lakini Broughton iliendelea kuwa mahali ambapo kitu kikubwa kingeweza kuundwa na kutoka.

Somo hilo si geni Afrika Mashariki. Mitambo 365 ya umeme wa upepo iliyosimikwa karibu na Ziwa Turkana ilishushwa bandari ya Mombasa, na kabla ya kufika ilibidi barabara ya kilomita 208 kati ya Laisamis na Sarima ijengwe upya. Serikali za eneo hilo zinapoahidi viwanda, swali la kwanza la kuulizwa ni lile la fundi wa jahazi: maji yako wapi?