Ufunguo mkononi, moto ndani ya gari

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Wiki hii tuzungumze juu ya kitu ambacho wenye magari hukishika kila asubuhi bila kukifikiria. Nasema swichi ya gari, pale unapochomeka ufunguo na kuuzungusha ili injini iwake. Wasio na magari nao wasiondoke, kwa maana daladala na teksi tunazopanda zina swichi pia, na nyaya zake zikiungua haziulizi nani mwenye gari na nani abiria.

Nina sababu ya kulileta jambo hili. Miaka ile nilipokuwa na gari langu kuukuu, lilianza tabia ya kugoma. Unazungusha ufunguo, kimya. Unarudia mara tatu, mara ya nne linawaka. Nikampelekea fundi mmoja wa chini ya mwembe. Hakupima kitu. Alichukua waya wa umeme wa nyumbani, akautoa moja kwa moja kwenye betri, akauvuta mpaka chini ya usukani, akausokota pamoja na waya wa injini, akafunga tepu. Kwa ajili ya starta akaniwekea kitufe cha kengele ya mlangoni. Kazi ya nusu saa, bei ya chini, gari likawaka. Nilimshukuru sana.

Miezi miwili baadaye nilikuwa natoka Kibaha na shangazi yangu na watoto wawili. Tulipofika Mbezi tukasikia harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi ukatoka kwenye dashibodi. Nikasimama kando, nikazima swichi, nikachomoa ufunguo. Ndugu zangu, injini iliendelea kuunguruma! Shangazi akanitazama akasema, "Mwanangu, ufunguo unao mkononi, gari linaungurumia nini?" Sikuwa na jibu. Nikatia gia nikaachia klachi ghafla, injini ikazimika, lakini moshi haukukoma. Dereva mmoja wa daladala ndiye aliyetuokoa. Aliruka na spana namba 10, akafungua boneti na kulegeza kichwa cha betri. Hapo ndipo moshi ulipokatika.

Swali la shangazi lilinikaa moyoni. Jibu lake lina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na ndiyo ninayotaka tuipitie leo.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini gari halikuwashwa kwa ufunguo. Liliwashwa kwa hendeli, chuma kilichopinda ambacho mtu alikichomeka mbele ya injini na kukizungusha kwa nguvu za mkono. Wazee wetu waliofanya kazi katika malori wanakikumbuka vizuri. Kabla ya kuzungusha ilibidi cheche icheleweshwe kwa kijiti maalumu kilichokuwa kwenye usukani. Ukisahau, injini hurudi nyuma kwa kishindo na hendeli inakupiga. Watu wengi walivunjika mikono. Ndiyo sababu madereva walifundishana kutolizungusha dole gumba kwenye chuma hicho, bali kuliweka upande mmoja na vidole vingine, ili hendeli ikirudi iuponyoke mkono badala ya kuuvunja.

Kwa ajili ya taabu hiyo, wakazi wengi wa miji ya Marekani wakati huo walipenda magari ya betri tupu, ambayo hayakuhitaji hendeli. Leo tunayaona magari ya umeme kama jambo jipya, lakini yalikuwepo hata kabla ya babu zetu kuona lori.

Mtu aliyebadilisha mambo aliitwa Charles Kettering, mhandisi wa mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Kettering hakutoka katika kiwanda cha magari. Alikuwa ametengeneza mota ndogo ya umeme ya kufungulia mashine za kuhesabia fedha madukani. Wataalamu wengi waliamini kwamba mota ya kuzungusha injini ya gari ingelazimika kuwa kubwa mno. Kettering aliona kosa lao. Mashine ya dukani haifanyi kazi mfululizo, hufanya kazi kwa nukta chache kisha hupumzika. Starta ya gari ni vivyo hivyo. Mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi chake, ili mradi ni kwa muda mfupi tu. Magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yalitoka kiwandani yakiwa na starta yake, pamoja na taa za umeme na mtambo wa cheche, vyote vikitegemea betri moja. Hendeli ilianza kufa, na magari ya betri tupu nayo yakaanza kufa.

Hapa tutue kidogo, kwa maana ndipo penye kiini cha habari yetu. Starta inapozungusha injini hula umeme mwingi sana, ampea mia moja na kuzidi. Taa mbili za mbele za gari la kawaida hutumia kama ampea kumi. Umeme wa starta ukipita kwenye swichi ndogo ya ufunguo, swichi hiyo itayeyuka. Kwa hiyo wahandisi waligawa kazi. Umeme mwingi hupita kwenye waya mnene kutoka betri hadi starta, na waya huo hufungwa na kufunguliwa na swichi ya sumaku ambayo mafundi wanaiita solenoidi. Ufunguo wako hupeleka umeme mdogo tu wa kuiamuru sumaku hiyo. Kwa maneno mengine, ufunguo ni karani, mchukuzi ni mwingine. Ukimtwika karani gunia la mchukuzi, mgongo utavunjika.

Kwa miaka mingi bado ufunguo na starta vilikuwa mbalimbali. Ufunguo ulifungua umeme wa cheche, kisha dereva alikanyaga au kubonyeza kitufe cha starta. Mwaka 1949 kampuni ya Chrysler ilileta utaratibu tuliouzoea, wa kuzungusha ufunguo huo huo mpaka mwisho na injini ikawaka. Mwaka 1970 sheria ya Marekani ikaanza kudai kwamba ufunguo ukitolewa injini isiweze kuwashwa, na usukani ufungwe au gari lizuiwe kwenda kwa nguvu zake. Wizi wa magari ndio uliosababisha. Hivyo swichi ikahamia kwenye nguzo ya usukani, ikawa na kazi mbili, ya kufuli na ya umeme.

Tangu hapo ufunguo mmoja ukawa na amri juu ya redio, cheche, starta na usukani, na nyuma yake pakawa na fungu la nyaya. Watengenezaji hawakuziacha nyaya hizo bila alama. Katika magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya sitini na sabini, waya wa kahawia ni umeme wa betri wakati wote, mweupe ni umeme unaopatikana baada ya kufungua swichi, mweupe wenye mstari mwekundu huenda kwenye starta, na mweusi ni wa bodi. Wajerumani wakatumia namba: 30 ni betri, 15 ni baada ya kufungua swichi, 50 ni starta, 31 ni bodi. Fundi anayezijua alama hizi analisoma gari kama gazeti. Asiyezijua anakisia.

Na tukumbuke jambo moja juu ya ule waya wa kahawia, au namba 30. Una umeme hata gari likiwa limelala na ufunguo uko mfukoni mwako. Katika magari mengi ya zamani hauna hata fyuzi. Ukichubuka ukagusa bodi, hakuna wa kuuzuia.

Msidhani kwamba uzembe juu ya swichi ni wa mafundi wa chini ya mwembe peke yao. Mwezi Aprili 1996 kampuni ya Ford ilitangaza kuyarudisha gereji magari yapatayo milioni 8.7 nchini Marekani na Kanada, kwa sababu swichi zake za ufunguo zingeweza kupiga shoti ndani kwa ndani na kuwaka moto. Mengine yaliungua yakiwa yameegeshwa, hayana mtu.

Mwaka 2014 ikawa zamu ya General Motors. Swichi za magari madogo kama Chevrolet Cobalt zilikuwa legelege. Goti la dereva likigusa, au ufunguo ukiwa na mzigo wa funguo nyingine, swichi ilijizungusha nyuma gari likiwa katika mwendo. Injini ilizimika, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa ya kuwalinda watu haikufunguka wakati wa ajali. Magari milioni 2.6 yalirudishwa. Mfuko wa fidia uliowekwa na kampuni yenyewe ulikubali madai ya vifo 124. Kifaa chenyewe kiliripotiwa kugharimu chini ya dola moja. Kibaya zaidi, mwaka 2006 kilikuwa kimebadilishwa kimyakimya bila kupewa namba mpya, hata waliokuja kuchunguza wakapotea njia. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 kumaliza shauri la jinai.

Kiwanda kikubwa na fundi wangu wa mwembeni walifanana kwa jambo moja. Wote walikidharau kitu kidogo, na wote waliifanya kazi ambayo anayekuja nyuma hawezi kuisoma.

Baada ya mkasa wa Mbezi gari lilivutwa mpaka kwa mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari wa siku nyingi. Kwanza alitoa waya wa bodi kwenye betri. Akafungua kifuniko chini ya usukani, akanionyesha waya wa nyumbani ulivyoungua. Pale uliposokotwa pamelegea, pakapata joto, tepu ikayeyuka, waya mtupu ukagusa chuma. Fyuzi haikuwepo, basi waya wenyewe ukageuka fyuzi. "Na ufunguo wako," akasema, "yule bwana aliuvua madaraka. Umeme ulikuwa unapita mlango wa nyuma."

"Sasa mzee, tununue swichi nzima mpya?" nikamuuliza.

"Ya nini? Kufuli yako ni nzima. Kilichokufa ni kile kipande cha umeme nyuma yake, nacho huuzwa peke yake."

Alikata nyaya zote zilizoungua mpaka akafika kwenye shaba nyeupe isiyo na kutu. Akaunganisha waya mpya wenye unene ule ule na rangi ile ile, akalehemu kila kiungo na kukivisha mpira. Waya unaopita kwenye tundu la chuma akauwekea mpira wa kuukinga. Karibu na betri akaweka fyuzi kwa ajili ya waya mkuu wa swichi. Halafu akaongeza relei ndogo, ili umeme unaokwenda kwenye solenoidi usiuchoshe ufunguo. Mwisho akawasha injini, akazungusha ufunguo kurudi nyuma, injini ikanyamaza. Akarudia mara tano. Sikumwelewa kwanza, kisha nikaelewa. Fundi wa kwanza alijaribu kama gari litawaka. Mzee huyu alijaribu kama gari litazimika.

Alinitoza mara nne ya bei ya yule wa kwanza, na nililipa bila kunung'unika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa karibu kujenga kaburi la watu wanne.

Najua hali za mifuko yetu. Najua pia kwamba mafundi wetu wa mitaani wameyaweka hai magari ambayo kwingine yangetupwa, na hilo ni jambo la kujivunia. Simwambii mtu aache kwenda chini ya mwembe. Nasema ukienda, uulize maswali matatu. Waya huu umetoka wapi? Fyuzi yake iko wapi? Nikichomoa ufunguo, gari litazimika? Fundi anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa. Akikasirika, chukua gari lako uondoke, hata kwa kusukumwa.

Shangazi yangu sasa ni mtu mzima sana. Kila akipanda gari la mtu humwambia dereva azime kwanza ndipo awashe tena. Vijana humcheka. Mimi simcheki.

Tukutane tena wiki ijayo. Kwa leo, kwaherini.