Kikapu si Pointi: Historia Fupi ya Istilahi za Takwimu za Mpira wa Kikapu

Msomaji wa magazeti yetu amekwisha kuzoea kusoma kwamba timu fulani "imeshinda kwa vikapu 61 kwa 58". Sentensi hiyo inaeleweka, wala hakuna anayeilalamikia. Hata hivyo ina kosa la hesabu, na chanzo cha kosa hilo ni cha kihistoria. Madhumuni ya makala haya ni kueleza chanzo hicho, na kuonyesha kwamba istilahi zinapokosekana, hasara haiiangukii lugha peke yake.

Mchezo huu ulibuniwa na James Naismith, mwalimu wa mazoezi ya viungo, katika mji wa Springfield, Marekani, mwezi Desemba 1891. Alitundika vikapu viwili vya kutilia mafyulisi, tunda ambalo si geni kwa wakazi wa Mbeya na Iringa. Wachezaji walikuwa 9 kila upande, na mchezo wa kwanza ulikwisha kwa 1 kwa 0. Wakati huo kila mpira ulioingia ulihesabiwa moja. Kwa hiyo kikapu na pointi vilikuwa kitu kimoja. Baadaye kikapu kilipewa thamani ya pointi 2, mtupo huru ukawa na pointi 1, na mwaka 1984 sheria za kimataifa zikakubali pointi 3 kwa mpira unaotupwa kutoka mbali. Hesabu ilibadilika, lakini usemi wetu haukubadilika nayo.

Mfano mmoja watosha. Tarehe 2 Machi 1962, katika mji wa Hershey, Pennsylvania, timu ya Philadelphia Warriors iliishinda New York Knicks kwa pointi 169 kwa 147. Wilt Chamberlain peke yake alipata pointi 100: vikapu 36, ambavyo ni pointi 72, na mitupo huru 28 iliyoingia kati ya 32. Mwandishi atakayesema kwamba alifunga "vikapu 100" atakuwa amemzawadia vikapu 64 ambavyo hakuvifunga. Kwa hiyo yafaa kikapu kiwe jina la tendo, na pointi iwe jina la thamani yake.

Jambo la pili ni zito zaidi. Ligi kuu ya kulipwa ya Marekani ilianza kuhesabu ribaundi katika msimu wa 1950–51. Mipira iliyopokonywa na mitupo iliyopanguliwa haikuhesabiwa rasmi mpaka msimu wa 1973–74. Bill Russell wa Boston Celtics, aliyetwaa ubingwa mara 11 na kusifika mno kwa kupangua mitupo ya wapinzani, alikuwa amekwisha kustaafu mwaka 1969. Sifa yake imebaki midomoni mwa watu, lakini hakuna tarakimu rasmi ya kuithibitisha, kwa sababu siku zake karatasi haikuwa na safu ya tendo hilo.

Uzito wa jambo hili niliutambua kando ya uwanja wa saruji mjini Iringa, siku timu ya wasichana kutoka Mbeya ilipokuwa mgeni. Karani wa meza, kijana mwenye mwandiko mzuri, alikuwa na karatasi ya takwimu yenye vichwa vya Kiingereza vilivyofupishwa kwa herufi mbili mbili. Alijaza safu za pointi na madhambi, nyingine akaziacha tupu. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa adabu: "Kaka, hizi sijui zinataka nini." Jioni wateuzi wa kombaini waliisoma karatasi ile. Msichana mmoja wa Mbeya, ambaye mchana kutwa alikuwa amepokonya mipira na kupangua mitupo mpaka watazamaji wakamshangilia, alionekana hapo na pointi 4 tu. Hakuteuliwa. Sisemi kwamba wateuzi walikuwa na hila. Wao walisoma kilichoandikwa.

Je, Kiswahili hakina maneno ya kuzijaza safu zile? Kinayo, na mengi yamo vinywani mwa watangazaji na watazamaji wetu. Kwa mpira unaochukuliwa mkononi mwa mpinzani, tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "kuiba". Lakini wizi ni aibu, na tendo hili husifiwa. Kupokonya kwafaa zaidi. Kwa mtupo unaozuiwa hewani, "kuzuia" ni pana mno, kwani ulinzi wote ni kuzuia. Watangazaji wa kandanda husema kipa amepangua shuti. Nasi tuazime kupangua. Pasi inayozaa kikapu isiitwe "pasi ya mwisho", maana pasi ya mwisho yaweza kufuatwa na mtupo uliokosa. Iitwe pasi ya kikapu. Kupoteza mpira kunajieleza. Ama ribaundi, neno hili limekwisha kuota mizizi viwanjani. "Mdundo" ungechanganywa na kudundisha mpira chini; kwa hiyo naona heri tulipokee lilivyo.

Faida ya maneno hayo yaweza kupimwa kwa Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam. Mwaka 2009, akiichezea timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut dhidi ya Providence, alipata pointi 15, ribaundi 11 na mitupo 10 aliyoipangua. Mwaka huo huo Memphis Grizzlies walimteua akiwa wa 2 katika uteuzi mzima wa ligi ya kulipwa. Tuzifute safu mbili za mwisho, nasi tutabaki na mchezaji wa pointi 15, ambao ni wengi.

Wanawake wa Iringa wanaosuka vikapu vya milulu wanajua kwamba ukili mmoja ukirukwa, kikapu huvuja. Karatasi ya takwimu nayo ni hivyo hivyo. Walimu wa michezo na makarani wa meza wa Mbeya na Iringa wanaombwa kuyajaribu maneno haya viwanjani, na kutuletea yale wanayoyatumia wao, ili yajadiliwe kabla ya kusanifiwa. Msichana wa pointi 4 hatarudishiwa siku yake ile. Lakini atakayemfuata na akute safu yenye jina analolifahamu karani.